Mshahara umepanda, mbona hatuuoni? Daftari la matumizi tunalianzia mkiani

Kuna swali limezunguka sana kwenye magrupu ya Tanzania tangu 2025: mshahara umepanda, mbona hatuuoni? Walianza watumishi wa serikali Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kilipotoka shilingi 370,000 kwa mwezi kwenda 500,000, na tangu Januari 2026 swali limehamia kwa jamaa wa sekta binafsi ambako kima cha chini kwa wastani kimetoka 275,060 hadi 358,322. Kila likiulizwa majibu yanakuja mawili tu, utadhani watu wameyakariri. La kwanza, vitu vimepanda bei vimemeza nyongeza yote. La pili wanalileta walimu wa fedha wa mtandaoni, kwamba nyie hamuandiki matumizi, mnakula chips, mnanunua bando kila siku, chukueni daftari muandike kila shilingi mtaona inapokwenda. Mimi naona majibu yote mawili yanapita pembeni. Daftari linahitajika, hapo siwabishii, ila tunalianzia mkiani. Hela ya nyumba inayoishi kwa mshahara kwa sehemu kubwa haitumiki, inaahidiwa, na inaahidiwa kabla haijafika. Ukianza kuandika siku iko mkononi umeshachelewa, hapo unaandika makombo.

Tupige hesabu kwanza maana watu wanabishana bila kuipiga. Ile nyongeza ya asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi 2025 kule Singida ilikuwa ya kima cha chini. Wa ngazi za juu nao waliongezewa lakini sio kwa asilimia hiyo, ila mtaani ilisambaa kama vile kila mtumishi kaongezwa theluthi ya mshahara. Mwenye nyumba kasikia 35, shemeji kasikia 35, na mtumishi mwenyewe akaanza kuishi kama mtu wa 35. Sasa mchukue huyo wa kima cha chini kabisa, ambaye asilimia hiyo ni yake kweli. Kwenye 370,000 alikuwa anakatwa pensheni ya PSSSF asilimia 5, bima ya afya ya NHIF asilimia 3, chama cha wafanyakazi asilimia 2 kama ni mwanachama, na PAYE, yani kodi ya mshahara, ambayo inaanza kuuma kile kinachozidi 270,000 kwa asilimia 8. Alikuwa anabaki na kama 326,000. Kwenye 500,000 makato ni yale yale lakini yamenenepa, anabaki na kama 433,600. Kwahiyo ile 130,000 iliyoimbwa, iliyofika mkononi ni 107,000 hivi. Sio mbaya hata kidogo, ni hela ya maana kwa nyumba ya hali hiyo. Sasa hiyo 107,000 ilienda wapi?

Hapa ndo kuna kitu ambacho sijaona kikiongelewa sana. Utaratibu wa mikopo ya watumishi ni kwamba makato yote yakishapita lazima ubakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Wengi tunaijua kama kinga, na ni kinga kweli, lakini geuza upande wa pili uone mkopeshaji anaisomaje. Mshahara ukiwa 370,000 theluthi ni 123,000 na kidogo, yani makato yanaweza kufika 246,000. Ukiwa 500,000 theluthi inakuwa kama 166,700, makato yanaweza kufika 333,300. Toa yale ya lazima kwenye kila upande, unakuta nafasi ya rejesho la mkopo imepanuka kwa karibu 63,800 kwa mwezi, kwa siku moja, bila mtu kubadilisha cheo wala kituo cha kazi. Yule aliyekuwa amefika ukutani, aliyekuwa anaambiwa "huna sifa, theluthi yako imegusa", anaamka asubuhi ana sifa. Na simu inaanza kuita. Wenyewe wanaita topapu, unaongezewa mkopo juu ya mkopo, ule wa zamani unafungwa kwa hela ya ule mpya, unapewa kilichobaki na miaka inaanza kuhesabiwa upya. Siku hizi hata safari ya kwenda kuhangaika na fomu imepungua, unaombea kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, ukiwa umekaa kwenye kochi. Aliyejaza nafasi yote amekabidhi karibu asilimia 60 ya nyongeza yake kabla haijagusa akaunti, halafu mwezi wa pili anakaa kijiweni anauliza mbona mshahara hauonekani. Hauonekani kwasababu ulishauzwa, na aliyeuza ni yeye.

Sisemi mkopo ni mbaya. Kuna watu wamepaua nyumba kwa topapu na wanalala ndani yake leo. Ninachosema ni kwamba rejesho la 63,000 ukiambiwa "elfu sitini na tatu tu kwa mwezi" linasikika dogo, ila kwa miezi 60 ni 3,780,000, na hiyo namba ya pili ndo ilitakiwa iwe mstari wa kwanza kwenye daftari la nyumba siku ile ile ya kusaini. Nani anaiandika? Kwenye daftari za matumizi nilizowahi kuonyeshwa na watu, nyingi zinaanza na "nauli 1,200, chai 1,500, vocha 1,000". Mkopo haupo kabisa maana hela yake haijawahi kupita mkononi, na kitu ambacho hakijapita mkononi sisi hatukihesabu kama matumizi. Wenye deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu wanaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni hivyo hivyo, wengi wameshalisahau kama ni deni linaloisha, wanaliona kama hali ya hewa. Ukimuuliza limebaki shilingi ngapi hajui.

Turudi kwenye lile jibu la kwanza la bei, maana lina uzito wake na sio haki kulifukuza. Mfumuko wa bei uliotangazwa na NBS, ofisi ya takwimu ya taifa, kwa mwaka 2025 ulikuwa unacheza kwenye asilimia 3 na kidogo. Kwa hesabu za juu juu asilimia 3 haiwezi kumeza nyongeza ya 35. Lakini anayelalamika naye ana hoja, ile asilimia 3 ni ya kapu la bidhaa la nchi nzima ambalo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa karibu asilimia 28, wakati nyumba ya kima cha chini chakula kinaweza kula nusu ya hela yote au kupita hapo. Maharage yakipanda msimu mbaya, yeye anaumia kuliko kapu. Na kuna wapandishaji ambao hawasubiri kapu: mwenye nyumba akisikia Mei Mosi mishahara imepanda, akija kuchukua kodi ya miezi sita anakuja na bei mpya. Kwahiyo bei imekula, sawa, ila imekula kiasi gani kwako wewe? Hapo ndo jibu hili linapogoma, kwasababu anayelitoa hana namba ya mwezi wowote uliopita. Anasema unga umepanda lakini hajui mwaka jana nyumba yake ilikuwa inakula kilo ngapi. Inawezekana ni kweli bei ndo imemmaliza, inawezekana ni ndugu wawili waliohamia mwezi wa tisa. Bila kumbukumbu hizo sababu mbili zinafanana kabisa.

Na hawa walimu wa "acha chips"? Nao wapigiwe hesabu. Chips kavu ya 2,000 mara nane kwa mwezi ni 16,000. Ahadi moja ya harusi ya laki inameza miezi sita ya kuacha chips na bado inadai. Kidogo kidogo kinajaza kibaba, sikatai, ila wanamfundisha mtu azibe tundu la sindano kwenye ndoo ambayo kitako hakipo. Halafu zoezi lao linachosha vibaya, siku ya nne umesahau kuandika karanga, siku ya tisa daftari liko chini ya godoro, na unabaki na imani kwamba wewe ni mtu asiye na nidhamu. Mtu huyo huyo nidhamu anayo, tena nyingi.

Angalia grupu la harusi. Kuna mhazini, kila jioni anarusha orodha, jina, ahadi, ametoa, bado, na alama ya tiki kwa aliyemaliza. Akikosea elfu tano mtu anajitokeza ndani ya dakika mbili kusahihisha. Bajeti ya ukumbi, mapambo, MC, vinywaji, yote iko pale na inajadiliwa kwa sauti. Au angalia kikoba, hisa zimeandikwa, faini ya kuchelewa imeandikwa, mkopo wa fulani na tarehe ya rejesho, na kitabu kinafungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Na tozo za miamala ya simu zilipoingia Julai 2021, si kila mtu aligeuka mhasibu? Mtu alikuwa anajua mpaka shilingi ya mwisho aliyokatwa kwa kutuma elfu ishirini. Sisi ni watu tunaoandika sana hela ikiwa ya wengi au ikiwa imetuuma. Ya nyumbani hatuandiki, kwasababu pale hakuna mhazini na hakuna anayesoma.

Kasoro mmoja. Daftari zuri kuliko yote la matumizi ya nyumba yangu lilikuwa kwa mangi wa dukani. Mwezi mmoja nilienda kufunga deni nikijua ni kama elfu arobaini, akanifungulia ukurasa, 87,400. Nilitaka kubisha, akaugeuza upande wangu taratibu kama mtu aliyezoea, nikasoma: mafuta nusu, unga 2, sabuni ya mche, vocha ya dada, mkate, soda 3 na mbele kwenye mabano ameandika wageni. Hao wageni nilikuwa nimeshawasahau, yeye alikuwa nao kwa tarehe. Nilisimama pale nasoma mwezi mzima wa familia yangu kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Sasa kuna hoja moja naisikia sana kwa vijana na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwamba siku hizi hamna haja ya kuandika, simu inaandika yenyewe. Kila muamala una meseji, unaweza kuomba statimenti, kuna apu zinakuchorea mpaka duara la rangi. Haya, fungua hizo meseji. "Umetoa 50,000 kwa wakala." Baada ya hapo kimya. Ile elfu hamsini imegawanyika sokoni, kwa fundi, kwenye sadaka, kwa mtoto wa jirani aliyetumwa na mama yake, na simu haina habari. Meseji inajua njia ambayo hela imepita, haijui kazi iliyofanya. Umemtumia mtu 30,000, ni mkopo atarudisha au ni msaada? Ni ada au ni mchezo wa kupeana hela? Duara la rangi litakuandikia "kutuma pesa, asilimia 70", umejifunza nini hapo? Tena simu inaandika kilichotokea tu, ahadi haiijui. Ulivyosema kwenye kikao "mimi niandikeni laki" hakuna meseji iliyoingia. Na kuna ucheshi fulani wa uchungu kwenye hili, maana waliokuwa wanazisoma kweli hizo meseji zako ni wale wa apu za mikopo, wanaomba ruhusa ya meseji na namba za watu wako, wanajua mshahara wako unaingia tarehe ngapi kuliko mke wako, na ukichelewa wanawatangazia mpaka wakwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa tangazo likitaja majukwaa na apu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kwahiyo ndiyo, simu inaandika. Swali ni nani anasoma.

Hoja yenye nguvu ni ile ya mwenye kipato kidogo kisichotabirika. Bodaboda ambaye leo kapata 18,000 na kesho mvua imenyesha kapata 4,000 na hesabu ya bosi inamsubiri, unamwambia aandike nini? Mama anayeuza chapati ambaye mtaji, faida na hela ya kula vyote viko kwenye pochi moja kiunoni? Kwao kuandika hakuongezi hata mia, na anayewaambia umaskini wao unatokana na kutoandika anawatukana. Hapo nakubali bila masharti. Ila hata hapo ahadi ipo, tena ndo kali zaidi. Akina mama wengi wa namna hiyo wamo kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, rejesho la kila wiki na kwingine la kila siku, na nimeona mtu akichukua wa pili kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili, sio kwamba hajui kujumlisha, ni kwamba hiyo mikopo mitatu haijawahi kukaa kwenye karatasi moja. Ijumaa anakumbuka ya Ijumaa, Jumatatu anakumbuka ya Jumatatu. Kwa mtu huyu achana na matumizi, karatasi yenye siku saba za wiki na rejesho la kila siku ingetosha kumwonyesha kwamba mkopo wa tatu hauna siku ya kulipwa. Pengine angeuchukua tu maana mtoto anaumwa, ila angeuchukua akijua.

Kuna na hili la undugu, ambalo kwa heshima zote nadhani ndo linalotuzuia zaidi kuliko uvivu. Kumwandika mama yako kwenye daftari kama gharama, mstari chini ya gesi na juu ya takataka, inaonekana kama kumkosea adabu. Na mtu akikuuliza unatuma shilingi ngapi nyumbani unajibu "aah, kadri Mungu anavyojalia". Lakini tuseme ukweli, hiyo kadri inaangukia wapi? Anayedai kwa tarehe analipwa kwanza, benki, kodi, kikoba, kausha damu, hao wameshajiandika wenyewe. Mama hana tarehe, anapigiwa tarehe 20 kuulizwa hali na kupewa pole. Kwa miaka tunadhani tunamlinda kwa kutomwandika kumbe tunamsukuma mwisho wa foleni, na tunakuja kumtumia hela nyingi kwa mpigo akiwa tayari amelazwa, tena hiyo nayo ya kukopa. Ningekuwa mimi ndo mama ningeomba niandikwe, tena kwa peni isiyofutika.

Na sehemu ngumu kabisa sijaigusa. Daftari la mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wawili ni nusu daftari. Baba ana topapu ambayo mama haijui, mama ana mkopo wa kikoba ambao baba haujui, kila mmoja anapanga bajeti kwa kutumia hela ambayo mwenzie alishaiahidi kwingine, na ugomvi unaotokea tarehe 12 juu ya hela ya unga kwa kweli sio wa unga. Ushauri wa kawaida ni "kaeni chini muwekane wazi", unasemwa kirahisi mno. Zipo nyumba ambazo mke akionyesha akiba yake inaisha wiki hiyo hiyo, na kwa huyo siwezi kumwambia afungue sanduku. Zipo nyumba ambazo mume akionyesha slipu ya mshahara ukoo mzima unapanga foleni. Kwahiyo nadhani tuanze na kidogo zaidi ya hapo: sio kuonyeshana mnachopata, onyeshaneni mnachodaiwa. Mapato mtu anaweza kuendelea kuyafunika, lakini rejesho la mkopo, ahadi ya harusi, ada ya muhula wa Januari, kodi ya miezi sita inayoisha mwezi wa nne, hivyo vitu vitaifikia nyumba nzima hata ukivificha, ni suala la tarehe tu. Orodha hiyo kwa nyumba nyingi haizidi mistari kumi, huhitaji kuandika karanga, na inabadilika mara chache kwa mwezi kwahiyo haichoshi.

Tukienda hivyo mambo kadhaa yanabadilika, na sio ya nyumbani tu. Vyama vya wafanyakazi vinavyopigania nyongeza kila Mei Mosi vingekuwa na kazi ya pili ngumu vilevile, kumwambia mwanachama kiasi kitakachofika mkononi na nafasi ya mkopo itakayofunguka, mapema, kabla mwenye kipeperushi cha mkopo hajamwambia. Na ile kinga ya theluthi ingeongelewa upya. Leo inamhakikishia wa 500,000 abaki na kama 166,700, na hakuna anayeweza kuniambia kwa uso mkavu kwamba familia ya watoto watatu inaishi mwezi mzima kwa hiyo. Sakafu iliwekwa ili mtu asianguke chini yake, sisi tumeifanya sehemu ya kulala. Wakati huo huo mwajiri wa sekta binafsi aliyepandishiwa kima na serikali Januari atashangaa kwanini watu wake bado wanaomba advansi tarehe 10, atasema watu hawa hata uwape nini. Hajui kwamba nyongeza aliyowapa ilishapangiwa kazi tangu ilipokuwa tetesi.

Kuhusu mangi, mwezi uliofuata nilienda na daftari langu. Nyumbani tulikuwa tumeandika kila kilichokopwa pale, tukaweka madaftari mawili kwenye kaunta, wateja wawili wamesimama pembeni wanatuangalia kama tunasaini mkataba. Tulipishana 3,200. Ikatafutwa, ikaonekana, mkate mmoja na soda mbili za Jumapili. Wageni tena. Alikuwa sahihi yeye.